Kanzu ya Salvator

Sitawaambia Salvator alikuwa wa kabila gani. Anayetaka kujua hilo kabla ya kujua alikuwa mtu wa namna gani, na aende akasimame bariyerini, kwenye kizuizi cha barabara, na wenzake, huko atapata wa kumjibu. Mimi Hamimu ni Mswahili wa Buyenzi, mtoto wa fundi magari, na miaka ile kuwa Mswahili Bujumbura kulikuwa na faida moja tu: pande zote mbili zilikusahau kidogo.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, wavulana watupu, kwenye mwinuko juu ya mji. Kila asubuhi mbele ya bendera Mkurugenzi alituambia kwamba sisi sote ni watoto wa nyumba moja. Nyumba gani hiyo, jamani! Kufikia mwanzo wa 1995 bweni letu lilikuwa limekatwa katikati. Hawa upande wa dirisha, wale upande wa choo, na sisi Waislamu wachache tukawekwa kati kama ua wa kutenga mbuzi. Watu walilala na vyuma vya vitanda chini ya godoro. Mwalimu wa hesabu aliacha kuja. Wa historia alikuja, akakaa akatutazama tu, na nadhani huyo ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote. Maharage yalikuwa na wadudu. Lakini kengele ililia kwa wakati wake, hilo Mkurugenzi alilisimamia vizuri sana.

Salvator alikuwa wa upande wa choo, kitanda chake kikipakana na changu. Alitoka milimani, ndani ya nchi, na alikuwa wa kwanza darasani tangu tulipoanza pamoja. Adabu zake zilituchekesha: alimwamkia mpishi kama anamwamkia mama mkwe. Nilimpenda kwa sababu alinieleza kemia mara tatu bila kunicheka, na mimi kemia ilinishinda kabisa.

Siku moja ya mwezi wa pili, tukiwa katika Ramadhani, wa upande wa dirisha walipata habari kwamba watu wao wameuawa huko mjini. Wakaingia madarasani na vile vyuma. Wenzake Salvator waliruka ukuta wa nyuma, wakatokomea mlimani. Yeye alikuwa nami maktaba, hakuwahi. Tukakimbilia ofisini kwa Mkurugenzi, yule baba wa nyumba moja. Tulimkuta anafunga dirisha.

"Mi siwezi kulinda mutu mumoja," alisema. "Watachoma ofisi yote. Hamimu, mupeleke fasi ingine."

Nilimvisha kanzu yangu ya Ijumaa na kofia yangu. Mpango ulikuwa mwepesi: tushuke hadi Buyenzi kwa mama, alale kwetu, kesho yake mjomba wangu, ambaye hufuata vipuri Uvira, upande wa Zaire, amvushe mpaka wa Gatumba. Kati yetu na Buyenzi kulikuwa na bariyeri moja. Walioishika walikuwa vijana wa kabila la wale wa dirishani, ila hawakumjua kwa sura. Ilitosha wamwone Mswahili.

Tukiwa njiani nilimpa jina la Sudi, mtoto wa shangazi yangu. Kiswahili alikuwa nacho. Nilipoanza kumfundisha Alhamdu, aliniacha niende kidogo, kisha akaimaliza mwenyewe. Kumbe alikuwa ananisikia kila alfajiri na ameishika kuliko mimi! Akanikosoa mahali pawili.

"Na wakikupa kitu ya kula?" nilimuuliza.

"Nafunga. Mi si mujinga, Hamimu."

Bariyeri ilikuwa gogo na magurudumu mabovu. Kiongozi wao alikuwa kijana wa rika letu, amekaa juu ya gurudumu, jua la saa sita likimwakia, panga limelazwa mapajani. Alituuliza vitambulisho. Nikamwambia tumekimbia fujo ya shule, vitu vyote vimebaki.

"Na we unaitwa nani?"

"Sudi," alisema Salvator.

"Soma kitu ya kwenu."

Salvator akasoma. Wallahi alisoma vizuri, taratibu, bila kukwama, mpaka mmoja wao akavua kofia bila kujijua. Kiongozi akapunga mkono. "Hao ni Waswahili. Wapite."

Ningependa kuishia hapo. Tulikuwa tumeshavuka gogo, nyumba za mjini zinaonekana chini yetu, na mimi moyoni nilikuwa nimeshafika kwa mama. Nyuma yetu yule kijana akaita.

"Sudi, iko ndoo hapo miguuni yako. Nipe maji."

Alikuwa na kiu tu. Nimefikiri sana jambo hili, na hadi leo naamini hakuwa anatega mtego.

Huko milimani mtu hapewi kinywaji hivi hivi. Anayekupa hunywa kwanza fundo moja mbele yako, uone kwamba hakuna sumu, ndipo akukabidhi. Mtoto aliyelelewa hujifunza hivyo kabla ya kujifunza kusoma, na mkono wake hufanya wenyewe, hauulizi kichwa. Salvator akachota kwa kikombe cha ndooni. Akapiga fundo moja, akafuta ukingo wa kikombe kwa kiganja, akampa kwa mikono miwili.

Yule kijana akapokea, akanywa hadi tone la mwisho. Ndipo akakitazama kikombe, akaitazama ile kofia.

"Si mwezi wa kufunga?"

"Iko mugonjwa," nilidakia. "Mugonjwa anaruhusiwa, muulize shehe yeyote."

"Apana. Waswahili wa Buyenzi nawajua." Alisema polepole, hata hasira hakuwa nayo. "Uyu mutoto amelelewa kwetu, ku mulima."

Kwetu! Alisema kwetu. Alitambua kwamba mama zao waliwafundisha jambo moja, kwamba yeye mwenyewe asingegusa maji yale kama hayakuonjwa, na kwa kutambua hivyo ndivyo akaamua auawe: mtoto wa mlimani aliyejificha ndani ya kanzu hawezi kuwa ila wa wale wengine. Nimeshasikia watu wenye elimu wakieleza vita hivi kwa masaa mengi. Sijasikia aliyenieleza hilo.

Nilipiga kelele, nikamshika mkono, nikapigwa ubapa wa panga nikaanguka. Salvator hakulia. Alianza kuvua kanzu ili anirudishie. Hawakumwacha amalize. Walimpeleka nyuma ya kibanda, na wawili wakanisukuma nishuke, nikaenda zangu nikisikia yote.

Shule ilifunguliwa tena baada ya majuma machache. Mbele ya bendera Mkurugenzi alisema kwamba Salvator ameacha masomo kwa hiari yake, na kwamba sisi ni watoto wa nyumba moja. Nilitema mate chini. Alininyima chakula siku nzima, nami nilikuwa nimeshazoea njaa.

Barabara zilipotulia, baba yake Salvator, mzee Herménégilde, alikuja kuchukua sanduku la bati na godoro. Mkurugenzi hakutoka kumpokea. Nilimwamkia kwa kumwita baba, nikambebea sanduku hadi langoni. Pale akanizuia.

"Wewe ulikuwa naye. Mutoto wangu alikosea wapi?"

Ulimi uliniwasha nimdanganye. Ningeweza kusema walimjua sura, au mtu alimsaliti. Lakini aliniuliza kama baba, nikamweleza yote hadi kile kikombe. Alinisikiliza, kofia mkononi.

"Ni mimi nilimufundisha," alisema. "Siku moja alinipa maji bila kuonja. Nikamupiga, nikamupiga sana. Alikuwa bado mudogo."

Nikamwambia kosa si lake. Akasema anajua. Kisha akajitwika sanduku, akaenda kutafuta gari la kumrudisha kwao.