Lenzi ya Papa

Mdogo wangu Kitwana alirudi Singida mwaka wa sabini na nne, akiwa na sanduku la chuma lenye vioo mbele na nyuma, la kutilia kamera isiingie maji, na majigambo mengi mdomoni. Alikuwa amepata kazi ofisi ya uvuvi huko pwani. Kazi yenyewe? Kuzamia baharini na kumpiga picha papa akiwa hai, picha kubwa ya kuwekwa kwenye maonyesho ya Saba Saba. Kitwana! Mtu aliyekuwa akilia Mama akimwogesha!

"Nisipoleta picha safi, kazi anapewa mwingine," alisema. "Nimekuja kuchagua lenzi, Dada."

Nilijua tu. Marehemu Baba alituachia kamera mbili na lenzi mbili: moja pana, inayomeza ukuta mzima, na moja ndefu, inayovuta kitu cha mbali. Kwa sheria yetu Waislamu, mtoto wa kiume hupata mafungu mawili, wa kike moja. Sasa lenzi mbili utazigawa vipi mafungu matatu? Baba mdogo Othmani alikuna ndevu siku nzima, kisha akaamua: Kitwana achague kwanza, mimi Mwanvua nichukue itakayobaki. Kitwana akaondoka zake bila kuchagua, akasahau miaka sita. Miaka yote hiyo mimi nimekula kwa lenzi pana.

Studio yangu ni chumba cha hatua tano. Ukoo mzima kutoka Ikungi huingia humo, bibi, wajukuu, hadi mjomba na baiskeli yake, na wote wanatokea. Kwa lenzi ndefu, mle ndani ningepata pua ya mjomba tu. Na lenzi nyingine ningeitoa wapi, siku zile ambazo hata sabuni tuliipangia foleni? Kwa hiyo nilidanganya, wala sioni haya kusema.

"Papa ana meno," nikamwambia. "Chukua ndefu. Kaa mbali, umvute huko huko aliko."

Kitwana akashusha pumzi. "Hata mimi ndivyo nilivyofikiri." Mwoga mkubwa we!

Ningempakia basi siku hiyo hiyo. Lakini bwana mkubwa Kitwana alitaka kujaribu kwanza, na Singida papa utampata wapi? Basi akasikia kuwa kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Ikungi kimejenga josho la kuogeshea ng'ombe, na wiki ile limejazwa maji matupu, dawa bado, ili ng'ombe wafundishwe kurukia. Akapiga makofi. "Ng'ombe anazama, anaibuka, anakuja moja kwa moja. Papa ana nini zaidi?"

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Alute, tulimkuta pale joshoni na fimbo yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mnataka kumpiga picha ng'ombe?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ndani ya maji?"

"Ndiyo, Mzee."

Alitutazama mmoja mmoja. "Hivi huko mjini mnakula vizuri?"

Shamba la kijiji lilibaki na majembe peke yake siku ile. Watu wote walikuja kutazama. Kitwana akaingia kwa kaptula upande wa kutokea, akachuchumaa, kichwa na sanduku vyote majini. Ng'ombe wa kwanza akasukumwa upande wa pili, akaruka, pwaa! Kitwana akapiga kwa lenzi ndefu, akachomoka mapema kabisa. Watu wakashangilia.

Tukabadilisha, tukaweka pana. Ng'ombe wa pili akaja. Kitwana hakutoka. Nikapiga kelele, Mzee Alute akapiga kelele, ng'ombe akampanda Kitwana kama ngazi, akatoka zake juani akijikung'uta.

Tulimvuta nje ana alama ya kwato mbavuni. "Alikuwa mbali, Dada!" analalamika. "Kwenye kioo alikuwa mbali kabisa!"

Ndivyo lenzi pana ilivyo. Kitu kikiwa mlangoni kwako, yenyewe inakuonyesha kiko kwa jirani. Nilikuwa najua, na sikumwambia. Hapo roho ilinisuta kidogo. Kidogo tu.

Kesho yake nikajifungia kwenye chumba cha giza kusafisha filamu, yeye amelala mkekani nje ya mlango, anaugulia. Picha ya lenzi ndefu ilikuwa uji mtupu. Matope yote yaliyokuwa kati yake na ng'ombe yalikuja kukaa kwenye picha. Lakini ya lenzi pana, mtume! Kati yao palikuwa na maji ya mkono mmoja tu. Macho, pua, mapovu, miguu minne, kila kitu kimetoka. Nilirudi nyuma mwenyewe.

Nikaishika filamu ile. Ningesema imeingia mwanga, nani angejua? Angekwenda na lenzi ndefu, angeleta uji, angefukuzwa, nami ningebaki na studio yangu.

"Dada," akaita kwa nje, taratibu. "Imetoka?"

Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akimwuliza Baba utotoni, nje ya mlango ule ule. Nikatoka nimevimba kwa hasira.

"Chukua pana! Na unisikilize, kichwa maji wewe. Ukimwona papa yuko karibu, umeshaliwa. Ukimwona yuko mbali, ndiyo yuko kifuani. Piga, kimbia."

"Na studio, Dada?"

"Yangu hiyo. Toka hapa."

Sasa wateja nawaketisha barazani, mimi nasimama ng'ambo ya barabara na lenzi ndefu, napayuka: "Bibi, inua kidevu!" Ukoo mmoja wa Kintinku walitokea pichani na punda wa mpita njia katikati yao. Wakaipenda, eti wameonekana wana mali. Wengine wengi wanakwenda kwa Damiani, mpiga picha mwenzangu mwenye chumba kikubwa. Inauma, nisiseme uongo.

Mwezi wa saba bahasha ikafika. Papa mzima, meno hadi mkia, amejaa picha. Na chini pembeni, kidole gumba cha mguu wa Kitwana, peke yake. Nyuma ya picha ameandika: "Dada, nilimwona yuko mbali sana."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikacheka, nikalia, nikacheka tena. Kisha nikamwandikia siku hiyo hiyo: hivyo vidole tisa vya miguu ambavyo sikuviona, vihesabu, unijibu upesi.