Seva Zilizongoja Jua Lizame

Manasseh alizichukia zile mashine mbili mpya tangu zishushwe kwenye pikapu. Zilimetameta kama sufuria za harusi, na kila mfanyakazi wa chama cha wakulima wa chai pale Nyaramba alikuja kuzishangaa. Seva zake mbili kuukuu, kompyuta kuu za chama alizozilea kama fundi tangu kichwa chake hakijaota mvi, hakuna aliyewahi kuja kuzitazama.

Aliyezileta ni Valentine, fundi wa kandarasi, binti wa rika la kitinda mimba wake. Kazi ilikuwa kuziunganisha zote nne ziwe kundi moja, ili mfumo wa kupima majani uweze kuhama kutoka mashine hii hadi ile bila kuzimwa. Meneja Bosire hakupindisha maneno.

"Mimi nitabaki na fundi mmoja tu. Mwenye atamaliza hii kazi, Jumatatu ndio ataendelea na sisi."

Alhamisi wakajaribu. Mfumo ulihama kutoka seva kuukuu hadi mpya bila taabu. Kurudi, ukagoma. Manasseh alifurahi kimoyomoyo, kisha akaona haya alipomtazama binti wa watu alivyokunja uso.

"Tata, mfumo umeshazoea nguvu ya hizi mpya," Valentine alimweleza, akimwita baba kwa Kigusii. "Ukiurudisha kama bado unafanya kazi, hizi za zamani haziuwezi. Lazima tuzime kila kitu, halafu tuambie mpya zifiche ile ujuzi wazee hawana. Zote nne ziwe sawa."

"Ama mtupe wazee," Manasseh alisema kwa uchungu.

"Nani atupe? Hizi mpya zikisumbua, majani ya watu itapimwa na nini?"

Siku ya kuzima ilikuwa moja tu: Sabato, wakulima wengi wanapopumzika na chai haipokelewi. Na Manasseh, mzee wa kanisa, hakuwa mtu wa kugusa kazi kabla jua la Jumamosi halijazama. Ijumaa alasiri alimwachia Valentine funguo na nywila zote. Shetani alimnong'oneza afiche moja, akamkemea. Akachukua kofia yake akaenda zake, akijua amejifukuza kazi kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake mahubiri hayakumwingia hata kidogo. Jua lilipozama alipitia ofisini na suti yake ya kanisani, achukue kikombe chake na redio yake, yaishe.

Chumba cha seva kilikuwa kimya, feni hazivumi. Valentine alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda.

"Imekataa?" Manasseh aliuliza.

"Haijakataa. Tangu saa sita mchana kila kitu iko tayari. Imebaki kuwasha tu."

"Sasa mbona hukuwasha?"

"Nilikuwa nangoja jua izame, Tata."

Simu yake ikalia. Ni Bosire, akifoka kwa nini mfumo bado umezimwa, hadi Manasseh akamsikia. Valentine alimwacha amalize.

"Meneja, hii kazi ni ya watu wawili," alijibu. "Mmoja haiwezi, leo wala Jumatatu. Mzee Manasseh amefika sasa hivi."

Manasseh alifungua kinywa amsahihishe, maana kuwasha kulihitaji kidole kimoja tu, na yeye hakuwa mtu wa kuukalia uongo. Lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Valentine alisimama, akasogeza kreti kando akampisha.

"Anza na wazee," alisema.

Manasseh akavua koti, akabonyeza seva kuukuu ya kwanza. Feni yake ikakohoa, ikaanza kuvuma, naye akaisikiliza huku machozi yakimtiririka, asijali kuyafuta.