Goli la Paani

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, alifuta vumbi kanda moja. Moja tu. Aliitia kwenye mashine, akavaa hedifoni, akaisikiliza huku ikinakiliwa kwenye kompyuta, kisha akaandika tarehe yake juu ya kibandiko kipya. Kazi ya mtunza kanda ilimfaa msichana kama yeye, ambaye hata dukani alisubiri aulizwe ndipo aseme anachotaka. Kwa miaka miwili aliyokaa pale redioni, chai yake haikuwahi kupoa.

Asubuhi hiyo ilipoa.

Katikati ya kanda, chini kabisa ya makelele ya uwanja, mwanamke alisema, "Haijaingia."

Alirudisha nyuma. Akaongeza sauti, akapunguza vishindo vya mashabiki kama fundi mitambo wa redio alivyomfundisha. "Haijaingia, kaka! Nyavu za pembeni hizo! Nje!" Papo hapo sauti ya mwanamume ikalipuka juu yake: "Gooooli!"

Alivua hedifoni akaziweka mezani taratibu, kama anayelaza mtoto. Sauti ile aliijua. Ndiyo iliyomwamsha kwenda shule miaka yote, ndiyo iliyomkemea alipoacha sufuria wazi. Ilikuwa ya shangazi yake.

Historia ya redio ile kila msikilizaji aliijua. Ilianzia katika vyumba viwili juu ya duka la matairi, na watu watatu wenye hamu ya kubishana kuhusu mpira tangu kunapokucha. Mwaka wa kwanza walisema hewani kwamba jukwaa la uwanja lina nyufa. Wenye uwanja wakawafungia geti. Basi mmoja wao akabeba maikrofoni, akapanda juu ya paa la dobi lililopakana na uwanja, akatangaza mechi kutoka huko. "Mlitufungia geti, tukapanda paa!" alisema siku hiyo, na maneno hayo yalipakwa rangi kwenye ukuta wa mapokezi. Yeye akabandikwa jina la Darubini. Sasa alikuwa mkurugenzi.

Kisha kulikuwa na kipande cha kuchekesha. Kutoka paani, jukwaa lilificha lango la karibu. Lango hilo lilionekana kutoka pembe moja tu, penye kamba za nguo, na waya wa maikrofoni haukufika huko. Ulipungua hatua tisa. Dobi, mwanamke aliyekuwa akianika mashuka, akaombwa asimame pale na kupaza sauti: imeingia, au haijaingia. Siku ya fainali Darubini akatangaza goli ambalo halikuwapo. Mji mzima ukamiminika barabarani kushangilia kombe la hewa.

"Nilimwamini dobi aliposema imeingia!" Darubini alisimulia kila mwaka. "Kumbe mama wa watu hajui nyavu za ndani wala za nje. Kwake nyavu zote ni za kuvulia samaki!"

Wasikilizaji walicheka mpaka wakapiga simu kucheka tena. Mtaani, shangazi, dobi mwenyewe, aliitwa Imeingia. Watoto walimwita hivyo wakikimbia, wakubwa walimwita hivyo wakitabasamu. Na pale redioni hakuna aliyejua kwamba mtunza kanda alilelewa na Imeingia. Hakuwahi kuwaambia.

Alimpelekea Darubini kompyuta ofisini kwake. Mzee alisikiliza mara moja, akasikiliza mara ya pili, kisha akachukua muda mrefu kufuta miwani.

"Punguza hizo kelele," alisema.

"Si kelele, mzee. Ni mtu."

"Binti, kesho tunatimiza miaka ishirini na tano. Watu wanakuja kufurahi, hawaji matangani. Ikate hapo, uanzie kwenye goli. Sawa?"

"Sawa," alijibu. Neno lilimtoka lenyewe, kama kikohozi.

Jioni alimkuta shangazi akikunja mashuka ya wateja. Redio ilikuwa juu ya kabati, imezimwa. Haikuwahi kuwashwa kwenye stesheni ile.

"Shangazi, siku ile paani ulisema nini?"

Mikono ya shangazi haikusimama. "Nilisema haijaingia. Mara tatu. Ya nne nilitaka kumrushia ndoo."

"Kwa nini hukuwaeleza baadaye?"

"Nani kakwambia sikuwaeleza? Nilikwenda kwa miguu yangu. Nikaambiwa subiri kwenye benchi. Nikasubiri mpaka wakafagia chini ya miguu yangu. Kesho yake nikarudi, benchi ni lile lile." Akavuta pumzi. "Mwanangu, mmoja mdomoni ana maikrofoni, mwingine ana vibanio vya nguo. Watu watamsikia nani?"

Machozi yalimtoka msichana kabla hajayaficha.

"Sasa unalia nini? Mwenye kisa mimi, na silii."

"Nilikuwa nakuonea haya."

"Najua. Sokoni ulikuwa unatangulia hatua mbili mbele." Shangazi alisema bila uchungu, kama anayetaja bei ya sabuni. "Shika hiyo ncha ya shuka. Ivute. Vuta kwa nguvu, haiumi!"

Walikunja mashuka yote. Lakini usingizi ulipomchelewa, msichana aliwaza jambo moja: redio ile ilizaliwa na watu waliokataa geti, kisha watu hao hao wakajenga geti lao, wakaweka benchi mbele yake.

Siku ya sherehe studio ilijaa. Wachezaji wastaafu wawili walikaa kando ya Darubini, matumbo yao yakigusa meza. Msichana alikuwa upande wa pili wa kioo, kwenye mashine. Mbele yake palikuwa na vipande viwili: kimoja alichokikata kama alivyoagizwa, na kingine kizima.

"Sasa, wapenzi wasikilizaji," Darubini alisema kwa madaha, "tumsikie yule dobi wetu alivyoniponza!"

Msichana akabonyeza kizima.

*Haijaingia, kaka! Nyavu za pembeni hizo! Nje!*

Halafu goli, halafu vifijo vya mji uliodanganywa. Mchezaji mmoja aliyekuwa ameanza kucheka aliufunga mdomo. Taa za simu ziliwaka zote kwa pamoja. Darubini akajilazimisha kucheka.

"Eeh, jamani! Mtunza kanda wetu amekosea kanda. Vijana wa siku hizi!" Huku mkono wake, chini ya meza, ukimwashiria: zima, zima.

Mbele ya msichana palikuwa na maikrofoni ndogo ya mitambo ambayo hakuwahi kuigusa. Aliiwasha.

"Sikukosea, mzee." Sauti yake ilitoka nyembamba, ikasikika mji mzima. Akaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi. "Jana nilikuitikia sawa, lakini nilimaanisha hapana. Huyo mnayemcheka ni shangazi yangu. Mpira haukuingia, na yeye alikwambia haukuingia."