Foleni ya Makoti

Mwalimu mkuu alinipeleka kwenye mafunzo ya siku mbili Vilnius, mji wetu mkuu, nikarudi na somo jipya: kufikiri kikompyuta. Wazazi walidhani ni kuchezea mashine. Watoto wa darasa la sita kila kipindi waliniuliza tutawasha kompyuta lini. Nikawaeleza mpaka koo likakauka kwamba kompyuta si lazima. Unalichukua tatizo kubwa, unalivunja vipande, unatafuta kinachojirudia, unatupa kisichohusika, kisha unaandika hatua ambazo hata mtu asiyekujua anaweza kuzifuata.

Mifano ya kitabuni, ya roboti anayetafuta karoti, ilinichosha kuliko ilivyowachosha wao. Nikawaambia wachague tatizo la kweli, la hapa hapa shuleni. Wakachagua chumba cha makoti.

Januari kwetu hakuna anayetoka nje bila koti, na makoti yote yako mikononi mwa Bi Zosė, mtunza chumba hicho. Asubuhi analipokea, analitundika, anakupa kibao cha namba. Saa nane mchana kengele ikilia, foleni inajaa ukumbi. Basi la vijijini linaondoka saa nane na robo, wala dereva hamsubiri mtu. Mingailė, binti mpole wa darasa hilo, anayeishi kilomita kumi na nne kutoka mjini, alikuwa ameachwa na basi mara tano tangu Krismasi.

Jawabu likapatikana kwa dakika kumi: makoti yatundikwe kwa madarasa, Bi Zosė asiwe anakimbia huku na huku. Nikampelekea mchoro. Aliutazama kama mtu aliyeletewa samaki aliyeoza.

"Daiva, mwanangu," akasema, "wewe ulipokuwa darasa la pili ulikuwa ukipoteza kibao kila wiki. Leo unanifundisha kutundika makoti?"

Nilirudi kesho yake, na wiki iliyofuata. Nilimbembeleza, nikamkasirikia, nikamletea mchoro wa rangi. Mwalimu mkuu akaniomba nimwache, maana akiondoka yule mama, kazi ile hakuna mwingine atakayeitaka. Nikaingia darasani nimefura, nikawaambia watoto kwamba hivi ndivyo ilivyo duniani: jawabu unalo, lakini kuna mtu amekaa juu yake.

Mingailė akanyoosha mkono.

"Mwalimu, lakini hatujahesabu. Ulisema tusikimbilie jawabu kabla ya kuangalia."

Nilikuwa nimesema, kweli. Nikawaruhusu, nusu kwa uchovu. Kwa wiki mbili wakapokezana ukumbini na saa na daftari, na Bi Zosė akiwasonya. Kisha wakaniita nione ubao.

Bi Zosė alitoa koti moja kila sekunde tisa. Hakuwahi kuchelewa, hata siku moja. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kila mtu aliliwahi basi. Walioachwa waliachwa Jumanne na Alhamisi tu. Siku hizo darasa la sita humaliza na michezo, kwa hiyo hufika kwenye foleni saa nane na dakika saba, baada ya kubadili nguo. Na dakika moja tu kabla yao, kila mara, foleni ya kwanza ikiwa imekwisha na Bi Zosė amekaa bila kazi, lilikuwa likifika darasa la saba B, watoto ishirini na saba kwa mpigo.

"Na saba B wanachelewa kwa nini?" nikauliza.

Wakatazama madawati. Jumanne na Alhamisi kipindi cha mwisho, saba B wana hisabati. Hisabati ninafundisha mimi, na huwa siwaachii mpaka mfano uishe.

Niliwaambia warudie hesabu. Wakarudia, ikatoka ile ile. Nikasema dakika tano haziwezi kuleta balaa lote hilo. Mingailė akazidisha ishirini na saba kwa tisa ubaoni, taratibu, zikatoka sekunde mia mbili arobaini na tatu, dakika nne na ushee, akaniachia chaki.

Nilishuka ngazi kwa Bi Zosė. Kuomba radhi kulinitoka kwa shida, maneno yakigongana. Aliendelea kushona kitanzi cha koti la mtu.

"Ungeniuliza mimi," akasema, "ningekwambia ni wale watoto wako. Lakini wewe ulikuja na picha."



Alhamisi iliyofuata kengele ililia nikiwa katikati ya mlinganyo. Rokas wa mstari wa mbele akaniomba tumalizie, imebaki hatua moja tu. Nikamwambia aende nyumbani. Walitoka mbio, nami nikabaki na ubao nusu, mkono unaniwasha kuandika lile jibu. Dirishani nikaliona basi likijaa. Mingailė alipanda akiwa na kofia yake, amefunga vifungo vyote, bila kukimbia.

Ningependa kusema nilifurahi. Nilikuwa bado nimeudhika, nikafuta ubao.