Miguu Haikupasuliwa

Watu wa kamati ya matembezi walimletea Fundi kiti cha magurudumu, wamekizungushia utepe mwekundu mpaka kikawa kama bibi harusi asiye na bwana. Yeye alikuwa amekuja na viatu vyake vya kazini, amevipiga brashi, tayari kutembea.

Sababu yake ilikuwa moja. Tangu apasuliwe moyo, karakana yake ya makochi ilikuwa mikononi mwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu asiyejua hata kuvuta kitambaa kikanyooka. Sasa alijiita Meneja. Daktari alishamruhusu Fundi kurudi kazini; Meneja hakumruhusu. Kila Fundi aliposhika nyundo, Meneja aliichukua kwa huruma, ile huruma ya mtu aliyekwisha kunogewa na nafasi ya mwenzake. Mke naye, kwa hofu, alimuunga mkono kaka yake, hadi alipochoshwa na ugomvi. Akamwambia mumewe atembee matembezi haya ya kuchangia utafiti wa magonjwa ya moyo, mwanzo hadi mwisho, naye amwone kwa macho yake. Akifika, karakana ni yake, na habari za ugonjwa ziishe.

Ndipo kiti kikaja.

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye miwani ya jua iliyokaa utosini tangu asubuhi bila kushuka machoni, alimweleza taratibu kama anayemfundisha mtoto kuvaa soksi. Wafadhili wanataka kuuona ugonjwa. Mtu akitembea kwa miguu yake, nani ataamini aliumwa?

"Keti tu, mzee wangu. Sisi tutakusukuma."

"Mama, kilichopasuliwa ni moyo," Fundi alisema. "Miguu haikupasuliwa."

Mgeni rasmi alicheka, akidhani ni utani. Tumbo lilikuwa limeivuta fulana yake hata ule moyo uliochorwa mbele ukatanuka kama sinia.

Fundi hakuwa na ubaya na utafiti. Alijua yu hai kwa sababu kuna watu waliojifungia miaka mingi wakijiuliza moyo unashonwaje. Hao aliwaheshimu. Hawa aliwaona bure kabisa. Walipiga picha kabla ya kutembea, wakapiga nyingine wamejimwagia maji usoni waonekane wametoka jasho. Barabara ilipoanza kupanda karibu na kituo cha mafuta, nusu yao walikumbuka dharura, wakaingia kwenye magari. Mgeni rasmi alisimama, akashika kiuno, akatazama nyuma. Kiti kilikuwa kinasukumwa kitupu. Hakuna aliyemkaribisha. Alikaa mwenyewe, na utepe ukampendeza.

"Pole, mheshimiwa," Fundi alimwambia akimpita. "Angalia usipone kabla hawajakupiga picha."

Mkewe, aliyekuwa nyuma na dawa kwenye mkoba, aliuma midomo asicheke.

Lakini mlima haukumjali mcheshi. Katikati yake Fundi alibanwa na pumzi, na kovu likamvuta kama uzi uliokazwa kupita kiasi. Akasimama. Mkewe akasogea, uso umembadilika. Meneja, aliyekuwa akiwafuata polepole kwa pikipiki, akapigapiga kiti cha nyuma na kumwambia apande, hakuna atakayemlaumu. Fundi alisubiri pumzi irudi kama daktari alivyomwelekeza, akachukua muda wake wote, kisha akaendelea. Mkewe hakumshika mkono, ingawa alitamani.

Uwanjani mwenyekiti alikuwa ameshatangulia kwa gari. Alimpandisha Fundi jukwaani, akamnong'oneza aeleze mateso yake, na machozi yakija asiyazuie. Fundi akapokea kipaza sauti.

"Mimi natengeneza makochi," alisema. "Nimepona. Mwenye kochi bovu alete."

Akashuka. Wachache walipiga makofi. Wengine walikuwa kwenye foleni ya soda.

Meneja alikuwa ameshaanza kumweleza dada yake kwamba kutembea ni kitu kimoja na nyundo ni kitu kingine, kwamba mgonjwa ni wa kuangaliwa. Dada hakumwacha amalize.

"Kaka, kesho usifungue karakana. Atafungua mwenyewe."

Meneja akamgeukia Fundi na kuuliza, kwa sauti ya kudai, yeye sasa aende wapi.

Fundi, akihema bado, alionyesha kwa kidevu wanakamati waliokuwa wakipangwa kwa picha nyingine.

"Nenda kwa wale, shemeji. Kazi kama yako wanayo tele."