Majani Mazuri ya Mzee Joachim

"Jamani, huyu mzee ananitakia nini mimi!"

Lidwina aliyamwaga majani mezani akashika kiuno. Majani mabichi ya mpichi, laini, hayana hata kovu. Yameoshwa. Yamefutwa kwa kitambaa. Yaliletwa yamepangwa kwenye sahani ya udongo, moja juu ya jingine, utadhani yanapelekwa kwa wakwe.

Mara ya kwanza alivumilia. Kazi yake ni kupima magonjwa ya mimea, na subira ni sehemu ya kazi. Alimweleza Mzee Joachim taratibu kwamba virusi havienei sawasawa ndani ya mti, na ukipima majani mazima unaweza usivione kabisa. "Niletee yale mabaya kuliko yote, Mzee. Yenye vijiduara vya njano. Yaliyojikunja."

"Nimesikia, mwanangu."

Amesikia! Kasikia nini sasa? Lidwina alisaga jani kwenye kimfuko chenye dawa, akachovya kipimo, akasubiri. Mstari mmoja, kama wiki iliyopita. Mti hauna virusi. Na Jumatatu alipita Mjimwema, anakoishi mzee, akauona mpichi wake kwa macho kutoka barabarani, umejaa vijiduara vya njano toka chini hadi juu!

Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi akina mama wa kikundi cha Msamala wangekata vikonyo, vijitawi vya kupandikiza, kwenye mpichi huohuo na kuvibebesha kwenye miche mia tatu. Kikonyo kikiwa na virusi, mche nao unavyo, na dawa hakuna. Unang'oa, unachoma. Miche mia tatu! Lidwina alichukua vipimo vyake akapanda bodaboda, njia nzima akigombana na mtu ambaye hakuwepo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Majani umeyaonaje?"

"Mazuri mno," alisema Lidwina huku amebana meno. "Leo nachuma mwenyewe."

Alichuma jani bovu, akalisaga palepale, akachovya kipimo. Mzee Joachim alisimama nyuma yake, kofia mkononi. Ulitoka mstari wa kwanza. Kisha, polepole, wa pili.

"Miwili," alisema mzee.

"Miwili. Una virusi. Hauchukuliwi kikonyo hata kimoja, na inabidi ukatwe kabla haujaambukiza mingine."

Mzee alishika shina kwa kiganja. Mpichi ule aliupanda marehemu mkewe, Noela, na mjini hapa watu waliuita kwa jina lake: pichi za Noela. Ndiyo maana kikundi kilitaka vikonyo vyake na si vya mti mwingine. Lidwina alimwonea huruma, lakini hasira ilikuwa bado haijamtoka.

"Sasa niambie, Mzee wangu. Mti mzima umeoza majani. Yale mazuri uliyatoa wapi?"

Mzee aliangalia chini. "Kwa Ashura."

"Kwa nani?"

"Jirani. Pale ng'ambo ya ua. Mgeni hapewi kibovu, mwanangu. Nikuletee uchafu huu ukauanike ofisini, watu waseme mti wa Noela umeharibika? Niliona aibu."

"Mara zote mbili?"

"Zote mbili."

"Mzee! Wiki mbili nimepima mti wa watu wengine!" Lidwina alijipiga paja, akageuka aende zake, akapiga hatua tatu, akasimama. Wiki mbili amepima mti wa watu wengine. Na mara zote mbili ulitoka mstari mmoja.

Alikwenda hadi kwenye ua. Ashura alikuwa anaanua nguo. "Mama, mpichi huu uliupata wapi?"

"Kokwa alinipa Noela mwenyewe, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka niliohamia kutoka Nakapanya."

Lidwina aliuangalia mti ule, kisha akamwangalia Mzee Joachim, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kulowa.

"Vikonyo vya Jumamosi vinaweza kutoka hapa, lakini bado kuna virusi vya aina mbili sijavipima," alisema, akijitahidi sauti ibaki kali. "Na safari hii nachagua majani mabovu mimi mwenyewe. Umenielewa?"

"Hutayapata, mwanangu," alisema mzee. "Uliponiagiza mabaya nilikuja kuyatafuta kwenye mti huu wa Ashura asubuhi nzima, tawi kwa tawi. Hayamo."