Matope ya Hawe Dhahabu

Maji yalikuwa yamekupwa hadi magotini pale Mkomani, na upepo wa kusi ukivuma wa kumvua mtu leso, Gona alipomkuta Hawe Dhahabu ameinama na chuma chake, anapindua mawe akichokoa pweza. Gona alikuwa mtoto wa jirani yake kule Mishomoroni, akimwita hawe, yaani bibi, tangu utotoni. Siku hizi alitembeza wageni wapendao kuvua, na miwani meusi hayamtoki. Nyuma yake alikuja Philister, mwanamke wa bara, kashika ufito mrefu mwembamba wenye mshipi.

"Shikamoo, hawe."

"Marahaba. Haya, sema. Shikamoo hiyo ina mkia."

Gona akakohoa. Kuanzia leo, akasema, akina mama wa pweza wauhame upande huu. Wanakoroga matope, wanamfukuza samaki ambaye wageni wamemfuata: yule mweupe mwenye miba tele.

"Yule ambaye hata paka humkataa? Mnamla?"

"Tunamvua, tunampiga picha, tunamwachilia."

"Kumbe mnamwita kumjulia hali!" Dhahabu alicheka mpaka chuma kikamtikisika mkononi. Kisha akakikita chuma mchangani. "Nimelea watoto sita kwa mwamba huu, Gona. Sitoki."

"Hawe, usinifedheheshe mbele ya mgeni."

"Mvueni samaki wenu. Nami nipo."

Philister akaanza kurusha. Mshipi ukaenda mbele, ukarudi nyuma, mbele, nyuma, kusi ikauchukua ikamviringishia Gona shingoni. Mara ya pili ndoana, iliyovikwa manyoya ijifanye uduvi, ikanasa kofia yake. Mara ya tatu Dhahabu akainua kichwa.

"Mama, huyo punda unayemchapa angani amekukosea nini?"

Philister akaangua kicheko. Gona hakucheka hata kidogo. "Ni matope yako, hawe! Samaki wote wamehama!"

"Wamehama?" Dhahabu akajifunga leso kiunoni, akawapa mgongo, akaendelea na njia yake kwa makusudi. Aliburuza nyayo mchangani asije akamkanyaga samaki taa mwenye mwiba mkiani, na hakubakisha jiwe bila kulipindua. Matope yakatoka nyuma yake yakaenda na mkondo kama moshi wa jiko la kuni.

"Haya, nyinyi wenye miwani. Tazameni."

Ndani ya moshi ule ukachomoza mkia. Kisha miwili. Kisha minne, inameta juu ya maji, vichwa chini, wanakula kaa na uduvi aliowafukua yeye. Miaka yote walikuwa wakimfuata kama kuku wamfuatavyo mwenye kupepeta mchele.

Kutoka alipo Philister hadi kwenye mikia ile zilikuwa hatua sita tu. Hapakuwa tena na haja ya kushindana na upepo.

"Angusha," Gona alimnong'oneza.

Philister akaangusha. Mshipi ukalia ziii, ukakimbilia maji makuu, na mwanamke wa bara akapiga vigelegele kama mzawa wa Kisauni hapa pwani.

Samaki alipokwisha kupigwa picha na kwenda zake, Gona alijikuna shingo, pale alipochubuliwa na mshipi.

"Hawe... kesho maji yatakupwa saa nne u nusu. Uje upite mbele ya wageni, pale nitakapokuonyesha."

"Utanionyesha wewe?" Dhahabu akamchomoa pweza jiweni, mikono minane ikimzinga kiwiko. "Mimi nitapita nitakapo. Wanaonifuata ni samaki, nanyi kaeni nyuma ya samaki. Na kanyageni taratibu, msinikorogee njia yangu."